Maji Niliyoyapima Mwenyewe

4 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha leo, ile inayopiga mabati mpaka mtu hasikii redio yake. Daftari hili nilipewa ili niandike presha yangu kila siku, lakini presha haina habari. Nitaandika ya nyumba, maana nyumba imejaa ghafla.

Mwanangu Ghislain amehama Kolwezi. Amepata kazi ya umeme kiwandani hapa Likasi, na mpaka apate nyumba yake watakaa kwangu: yeye, mkewe Sephora, na mjukuu wangu Princesse wa miaka mitano. Tangu marehemu mume wangu aondoke nimeishi humu miaka saba peke yangu na redio. Nimefurahi. Naandika kwamba nimefurahi ili baadaye nisijisahau, kwa kuwa ninajijua.

Sephora ni mtoto wa Kakanda. Kwao wanachimba mawe ya shaba na kuyauza, na wanasali katika kanisa la maombi ambako Mungu anaitwa kwa kelele. Sisi ni Wakatoliki, tunamwita kwa sauti ya kawaida. Alinipigia goti, mikono miwili, macho chini. Adabu ilizidi kidogo. Mtu mwenye adabu iliyozidi hunifanya nitake kujua anaficha nini.

9 Novemba

Sephora ameshika jiko. Magoti yangu hayakubali tena kuchutama mbele ya mbabula, jiko la makaa, basi sikubisha. Sombe yake, majani ya muhogo, ni nzuri. Chumvi nyingi.

15 Novemba

Kila jioni anachemsha maji ya kunywa, sufuria kubwa juu ya makaa, kisha anayamimina katika ndoo ya buluu yenye kifuniko pale ukumbini. Anasema muuguzi ndiye aliyemfundisha. Mimi nimekunywa maji ya bomba maisha yangu yote, na homa ya matumbo nimeipata mara moja tu, zamani, Ghislain akiwa shule ya bweni Mulungwishi. Nililala mwezi mmoja, nikapona, nikarudi kazini. Sikumwambia hayo. Angesema namsema.

20 Novemba

Leo nimeliona bidoni, dumu la kutekea maji. Bomba likikauka, Sephora huteka maji kwenye kisima cha jirani yangu Simone, na bidoni analotumia limetoka kwao Kakanda, la manjano, chini yake lina doa la kijani. Nikamuuliza lilikuwa na nini kabla ya maji.

"Mafuta ya kupikia, Mama."

Mafuta ya kupikia hayaachi doa la kijani. Nilifanya kazi maabara ya kiwanda miaka ishirini na tisa, nikipima shaba kutoka mawe, tope na maji. Doa la kijani nalijua kuliko ninavyoijua sura ya huyu binti.

21 Novemba

Nimeanza kupima. Nimenunua amonia kwa muuza dawa, na chupa ndogo za sindano nimezikusanya. Kuchukua sampuli si kuchota maji, mtu yeyote anachota maji. Sampuli unaichukua juu, kati na chini, kwa sababu kilicho kizito hujificha chini. Nimeingiza kopo langu la zamani la maabara katika ndoo, mkono mzima mpaka juu ya kiwiko, nikachota mara tatu. Ukitia amonia katika maji yenye shaba, yanageuka buluu kama joho la Bikira Maria.

Hayakugeuka. Nikazibandika chupa karatasi zenye tarehe na saa, nikazipanga dirishani pangu. Nilikuwa sijashika sampuli tangu nilipostaafu, na mikono ilikumbuka yenyewe. Kesho nitarudia, kipimo kimoja si kipimo.

22 Novemba

Hakuna buluu.

23 Novemba

Hakuna buluu. Mvua kutwa.

24 Novemba

Hakuna. Princesse aliniuliza kama ninaosha mkono kwenye ndoo. Nikamwambia ni kazi ya Kambo, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

29 Novemba

Ninaandika haraka kabla Ghislain hajarudi. Nilikwenda chumbani kwao kutafuta shuka langu, na nyuma ya mlango, chini ya kitenge, nikakuta chupa mbili kubwa za maji. Maji yaliyochemshwa, moja bado vuguvugu. Nikakaa kitandani nikafikiri. Tangu wiki hii sijamwona Sephora akinywa maji ya ndoo. Si mara moja. Anapakua chakula, anatuwekea sisi jagi la ndoo mezani, na yeye anasema hana kiu.

Mtu anachemsha maji ya watu wote, halafu yeye mwenyewe hayanywi. Anieleze awezaye.

30 Novemba

Nimeongeza kipimo. Sasa nachukua sampuli asubuhi na jioni.

3 Desemba

Ghislain ana joto kali, kichwa kinamuuma, hali chakula. Zahanati wamesema palu, yaani malaria, na homa ya matumbo, yote mawili, kama wanavyomwambia kila mtu mvua zikianza. Wamempa vidonge.

Sephora hana hata mafua.

5 Desemba

Simone alikuja kumsalimia mgonjwa. Tumeimba kwaya moja miaka kumi na mitano, na anapokaa nami barazani hazunguki. Alisikiliza jikoni, Sephora alikuwa anaimba nyimbo zao huku anaosha sufuria.

"Mama Emérance, uangalie muzuri," akasema. "Bwana analala na homa, bibi anaimba ku cuisine. Weye unaona hiyo namna gani?"

Nikamwambia habari ya chupa nyuma ya mlango. Simone akajishika kinywa.

"Basi anajua kitu iko mu ndoo," akasema.

Sikuwa nimelisema kwa mdomo wangu. Lakini nililiwaza, na likitoka kwa mtu mwingine linakuwa zito zaidi.

12 Desemba

Ghislain ameamka, amekula bukari, ugali wetu, na samaki. Amepungua hata suruali inamshuka. Nilimgusia mambo ya ndoo. Akaniangalia kwa huruma ile wanayowaangalia wazee.

"Mama, ilikuwa palu. Wacha Sephora apumzike."

Sumu ya polepole ndivyo inavyofanya kazi. Humchukua mtu, humrudisha, humchukua tena.

14 Desemba

Nimeamua. Mkubwa akitaka kunywa anywe, lakini Princesse hatakunywa kitu ambacho sijakipima mwenyewe. Sephora humpa maji ya zile chupa zake za mafichoni. Najuaje zina nini? Sasa kila asubuhi nikimaliza sampuli namwita chumbani kwangu, nampa maji niliyoyapima, yasiyotiwa amonia, kwa kopo langu. Tumekubaliana asimwambie mama yake.

"Kambo, maji yako iko tamu," akasema leo, akafuta mdomo kwa mkono wangu.

Nampenda mtoto huyu mpaka kifua kinauma. Ghislain sikumlea hivi, nilikuwa kazini.

20 Desemba

Nimepata! Chupa za mwezi uliopita zimefanya utelezi. Si zote. Zile za Novemba 26, 27, 30. Ukiziinamisha kwenye mwanga, unaona ukutani mwa chupa kitu kama kamasi nyembamba. Maji yaliyochemshwa kweli, yasiyotiwa kitu, hayafanyi hivyo. Shaba si yenyewe, hiyo nimeridhika. Ni kitu kingine, na amonia yangu haikijui. Nimezifunga kwa nailoni, nimezificha chini ya nguo za kanisa.

25 Desemba

Krismasi. Tulikula kuku. Sephora alinizawadia kitenge. Sijakivaa.

2 Januari

Princesse ana joto.

3 Januari

Joto lile lile. Analala, anaamka, anauliza kama ni asubuhi.

5 Januari

Joto. Tumbo linamuuma. Zahanati wametoa vidonge vile vile vya baba yake. Mvua haijakatika siku nne, ukuta wa ukumbini umeota ukungu, na mimi natembea humu ndani nikiwatazama watu mikono yao.

7 Januari

Leo tumeyasema. Naandika yote.

Asubuhi Sephora alimfunga mtoto mgongoni, na mtoto ana moto kama pasi, akasema anampeleka kwa pasteur, mchungaji wao, kwenye maombi. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia mtoto ataenda hospitali, si kupigiwa kelele.

"Tutaenda hospitali, Mama. Kisha maombi. Pasteur aliniita." Alikaza kitenge cha mtoto. "Pasteur alisema kuko mukono mu maji yetu."

"Mukono gani?"

 Halafu ile adabu yote ikamtoka, na nikamwona kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa chini yake.

"Mama, unisamehe. Kila asubuhi minakuonaka. Unafungula ndoo, unatia mukono muzima, unakoroga, unafunga. Unatiamo nini?"

 Mimi! Ndani ya nyumba yangu!

"Minye natia? Minapima! Nilitumika ku labo miaka vingt-neuf, minapima maji juu ya kuchunga batu ba hii nyumba!"

"Unapima nini?"

Nikaitazama ndoo.

"Unapima minye," akasema. "Nilianza kukuona mwezi wa Novemba. Njo juu ya ile nilichemsha maji yangu pembeni, nikayaficha. Ya minye na ya mutoto wangu. Bwana alikatala kunisikia. Alisema mama yake ni muntu wa Mungu."

Basi ile chupa nyuma ya mlango ilikuwa kwa ajili yangu. Mimi niliona chupa nikazidisha mkono, yeye aliona mkono akazidisha chupa. Ningeweza kuelewa pale pale, kama ningetaka kuelewa. Sikutaka. Nilimwambia mtu mwenye hatia ndiye anayewahi kusema. Akanipita na mtoto mgongoni, akaenda, na kwa haki niseme kwamba alikwenda hospitali kwanza.

8 Januari

Wamemlaza Princesse. Wamechukua damu wakaoteshe bakteria. Nimempigia simu shemeji Albert, mkubwa wa ukoo, kule Kapolowe. Nimemwambia kila kitu: bidoni, chupa, utelezi. Amesema ukoo utakaa kikao.

11 Januari

Joto.

13 Januari

Joto. Simone alileta hospitali maua ya Bikira. Sephora aliyatoa dirishani.

17 Januari

Leo saa nane mchana Princesse alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulitutisha kuliko kilio. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari alilibonyeza kwa vidole viwili, akaita watu wa kitanda chenye magurudumu. Homa ya matumbo, akasema, imetoboa utumbo. Lazima apasuliwe sasa hivi.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbi, Sephora mwisho huu, mimi mwisho ule, na Ghislain amesimama katikati kwa sababu hakujua akae upande gani. Mvua ilipiga madirisha. Sephora alisali kwa kunong'ona, maneno yao yale ya haraka. Nami nilishika rozari na siwezi kusema kama nilisali. Nilikuwa namchukia. Naliandika kwa kuwa ni kweli: mtoto yuko chini ya kisu, nami nilitumia muda wa Mungu kumchukia mama yake.

Na niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kumzika mume wangu.

Akaja kijana mwenye koti jeupe, anaitwa Glody, wa maabara ya hospitali. Alisema wanafuatilia nyumba za watoto wote wa homa ya matumbo msimu huu. Damu ya Princesse imeotesha bakteria wenyewe wa homa hiyo, hakuna shaka tena. Akauliza nani anateka maji, nani anachemsha, nani anachota. Akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua homa hiyo.

"Bwana yangu, mwezi wa Desemba," akasema Sephora.

"Na minye, zamani sana," nikasema. "Nilipona." Nikamshika mkono wa koti kabla hajaondoka. "Monsieur Glody, minye pia ni muntu wa labo. Niko na sampuli za nyumba ile. Chupa mingi, zote na tarehe. Kuko kitu mule ndani. Uzipime."

Akanitazama kwa heshima, nikaona. Sephora naye aliniangalia.

Saa kumi na moja daktari alitoka. Wamekata kipande cha utumbo. Anapumua mwenyewe. Yeyote asiyejua kupiga magoti kwenye saruji ya hospitali aje nimfundishe.

18 Januari

Nimempelekea Glody chupa zangu, kwenye kikapu, zimefungwa moja moja. Shemeji Albert ametuma ujumbe: kikao tarehe 2 Februari. Sephora atarudishwa kwao Kakanda. Mtoto atabaki kwetu.

Ni mimi niliyeomba hivyo.

23 Januari

Princesse amekunywa supu vijiko vinne.

24 Januari

Glody amekuja nyumbani asubuhi na mapema. Alichukua maji ya sufuria ya Sephora yakiwa yamepoa tu, kwa chupa yake. Akachukua ya ndoo. Kisha akaniomba nifanye sampuli zangu kama kila siku, juu, kati, chini. Nilifurahi kumwonyesha, nilifanya kwa ustadi wote. Nilipomaliza, akachukua tena ya ndoo.

"Mama, unaoshaka mikono saa gani?" akauliza.

"Kisha ya kumaliza kazi," nikasema. "Vile walitufundisha."

Akaandika. Akatupa kila mmoja kikopo cha plastiki cha kutia kinyesi. Nilicheka, nikamwambia katika miaka ishirini na tisa hiyo sampuli sijawahi kuiona. Yeye hakucheka sana.

30 Januari

Nimeitwa peke yangu.

Glody alinikalisha kwenye kiti, akafunga mlango wa maabara, akanionyesha visahani. Ni vitu vidogo, mviringo, vingine vina madoa meusi meusi katikati, kama mbegu za papai zilizosagwa.

"Hii ni ya mu sufuria, safi. Propre. Hii ni ya mu ndoo, mbele ya weye kugusa. Propre. Hii ni ya mu ndoo, kisha weye kutia mukono."

Kisahani cha tatu kilikuwa na madoa.

"Chupa zako za Novemba, zile za utelezi, utelezi ule ni vijidudu vya kila namna. Wa homa sikumupata mule, chupa ilizeeka. Lakini mu choo yako, Mama, eko. Mingi. Na njo ule ule alikuwa mu damu ya mutoto."

Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema ndivyo ilivyo. Niliugua zamani, nikapona, na bakteria hawakutoka. Wameingia katika mfuko wa nyongo, pengine una vijiwe, wakakaa humo miaka yote hii bila kunisumbua, na kila siku wanatoka kwa choo. Kutoka choo hadi vidole, kutoka vidole hadi maji. Marehemu mume wangu hawakumpata, wakati ule mkono wangu haukuingia katika ndoo yoyote. Nilipokuwa peke yangu walikuwa shauri langu tu. Ghislain hakuwa amekaa nami tangu shule.

Nilitaka kubisha. Nilitafuta kosa katika kazi yake kama nilivyokuwa nikitafuta kosa katika kazi za vijana wangu, na sikuliona. Amechukua kabla, amechukua baada, kitu kilichobadilika kati yake ni kimoja tu, nacho ni mkono wangu. Kiwandani tulinawa baada ya kazi, kwa sababu sumu ilikuwa kwenye sampuli na mtu ndiye wa kulindwa. Miaka ishirini na tisa sikuwahi kunawa kabla. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sampuli ndiyo inayoweza kuhitaji kulindwa dhidi yangu.

Na yale maji niliyompa chumbani, kwa kopo, tangu tarehe 14 Desemba. Maji ya mama yake yalikuwa safi. Nilimtoa kwenye maji safi nikamnywesha yangu.

Sikulia pale. Nililia njiani, chini ya mvua, watu wakidhani ni mvua.

1 Februari

Simone alikuja kuniuliza kikao kitaanza saa ngapi. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma, akaikunja, akairudisha mkononi mwangu kama kitu cha moto.

"Uchome hii," akasema. "Unajua bale batu ba kanisa yabo. Mama muzee anasema ye mwenyewe njo alitia bugonjwa mu mutoto? Batakuita mulozi, Emérance. Kesho muji muzima utajua. Acha binti aende kwabo. Iko kijana, ataolewa."

Namjua Simone, alisema kwa upendo. Na alisema kweli. Nazijua nyumba tatu za mtaa huu ambako bibi mzee aliitwa mchawi akatolewa nje na vyombo vyake kwa jambo dogo kuliko hili. Mimi nina miaka sitini na nne, magoti haya, na nyumba ambayo si lazima waniache ndani yake.

Karatasi haijachomwa. Bado sijui.

2 Februari

Albert alikaa kwenye kiti cha marehemu. Kutoka Kakanda alikuja Hénoc, kaka mkubwa wa Sephora, mtu wa mabega mapana, kucha zake zina vumbi la mgodi lisilotoka. Sephora alikaa kwenye mkeka, sanduku lake limefungwa tayari karibu na mlango. Alilifunga mwenyewe. Ghislain alitazama sakafu.

Albert alisali, Hénoc naye akasali upya kama vile ya kwanza haikufika. Kisha Albert akaeleza: bidoni, chupa za siri, mume kuugua, mtoto kupasuliwa. Kila neno lilikuwa langu. Nilisikia jinsi yalivyopangwa vizuri, na jinsi hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Mama Ghislain, kuko kitu ya kuongeza?" akaniuliza.

Nikasimama.  Niliisoma karatasi yote, Kifaransa chake na jina langu juu. Nikaona hawajaelewa, nikasema kwa lugha ya nyumbani.

"Bugonjwa ilitoka kwangu. Ilikuwa mu tumbo yangu, sikujua. Minye njo nilitia mukono mu ndoo. Na mutoto nilimunywesha mu chumba yangu, mama yake hakujua. Maji ya Sephora ilikuwa muzuri tangu siku ya kwanza."

Hénoc akaruka juu.

"Basi pasteur hakusema buwongo! Huyu mama iko mulozi! Anajisema ye mwenyewe!"

Albert akampigia kelele, Ghislain akasimama kati yao akilia kama mtoto mdogo, na nje nikaona vichwa vya majirani juu ya ua. Mimi nilibaki nimesimama na karatasi. Nilingoja wanitoe.

"Yaya Hénoc, ikala," Sephora akamwambia kaka yake.

Hakupaza sauti. Hénoc alikaa.

"Mulozi anafichaka. Huyu amesema, mbele ya batu, na hakuna alimulazimisha." Kisha akanigeukia, na macho yake hayakuwa chini. "Lakini minye sijui kusamehe leo, Mama. Mutoto wangu bamemukata tumbo. Usiniombe leo."

Nikamwambia sitaomba.

Sanduku lilirudi chumbani. Hénoc aliondoka bila kuniaga. Simone hakuja.

6 Februari

Hospitali wamenipiga picha ya tumbo. Vijiwe vitatu. Daktari ametoa vidonge vya siku ishirini na nane, asubuhi na jioni, bila kuruka hata kimoja, la sivyo wataona habari ya kuukata mfuko wenyewe. Ghislain akasema mbele yangu kwamba vidonge vya presha huwa navisahau. Sephora akanyoosha mkono, muuguzi akampa yeye pakiti.

10 Februari

Mvua. Watoto wa mtaa hawakatizi tena uani kwangu. Mama zao wanawaita.

19 Februari

Princesse amerudi nyumbani! Ana kovu kutoka kitovu mpaka juu, anawaonyesha watu wote hata wasioomba. Alitaka kunirukia. Nilikimbia kunawa kwanza, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.

23 Februari

Kidonge cha thelathini na nne.

Vidonge anavitunza Sephora chumbani kwake, sijui wapi. Asubuhi na jioni anakuja na kimoja kiganjani, kimeshatolewa kwenye karatasi yake, cheupe, hakina jina, na bilauri ya maji kutoka kwenye chupa zake. Leo jioni nilikiinua kwenye mwanga. Sikukusudia, ni mazoea ya maisha mazima. Aliniona. Alisimama, mkono mmoja kiunoni, amechoka.

Kwa muda mfupi niliwaza lile ambalo mtu yeyote katika nafasi yangu angeliwaza. Mwanamke huyu nilitaka kumnyang'anya mtoto. Katika bilauri ile kungeweza kuwa na chochote, na mimi sina chupa tena wala amonia. Nikakitia kinywani, nikanywa maji yote mpaka chini.

"Fungula kinywa," akasema Sephora.

Aliinama na kutazama, kwanza juu ya ulimi, kisha akaniambia niuinue atazame chini yake. Alichukua muda wake. Nami nilikaa hivyo, kinywa wazi, mpaka aliporidhika.